Mguu, Hesabu au Spana: Nani Alimrusha Binadamu?

Hoja iliyo mbele yetu ni hii: binadamu alipofaulu kuruka kwa nguvu za mwili wake, bila injini, bila manati ya kumtupa wala kilima cha kuteremkia, sifa ilikuwa ya nani? Ya miguu iliyopiga pedali, ya hesabu iliyochora bawa, ya mkono uliofunga waya, au ya pesa iliyotundikwa mbele ya wote hao?

Nimeileta Macalder, Nyatike, kaunti ya Migori, kwa makusudi. Hapa nguvu za mwili si mchezo. Mgodi mkubwa wa shaba ulifungwa katikati ya miaka ya 1960, lakini dhahabu ingali inatafutwa: mtu anashuka shimoni kwa kamba, wenzake walio juu wanavuta mawe kwa mikono, na wanawake wanayaponda kwa nyundo juani. Ukimweleza mtu wa hapa kwamba kuna watu waliohangaika miaka hamsini na zaidi ili wapae mita tatu kwa kupiga pedali, hatakupigia makofi. Atakuuliza maswali kwanza.

Wasemaji wanne nimewatunga mimi: Mwalimu wa fizikia, Fundi wa baiskeli, Mama anayeponda mawe ya dhahabu, na Kijana wa bodaboda. Marubani, tarehe na vipimo wanavyorushiana havikutungwa. Nitaingilia pale nitakaposhindwa kunyamaza.

KIJANA: Mwalimu, kabla hujafungua daftari. Ndege yenye injini ipo tangu ndugu wa Wright, mwaka 1903. Kwa nini mtu mzima mwenye akili arudi kwenye pedali? Mimi nikishapata pikipiki, sirudi kwenye baiskeli ya Black Mamba hata kwa dawa.

FUNDI: Wuoda, hao Wright unaowataja walikuwa na duka la baiskeli. Waliunda baiskeli, wakauza baiskeli, na faida ya baiskeli ndiyo iliyolipia ndege. Na hiyo bodaboda yako ilianza kwa baiskeli, kule Busia mpakani. Wewe umerithi jina na abiria.

MAMA: Shemeji ameanza kujisifu hata hoja haijakaa sawa.

MWALIMU: Lakini Kijana ameuliza jambo la maana. Hamu ya kuruka kwa mwili ilitangulia injini, na injini ilipokuja haikuizima. Swali lenyewe ni la zamani: je, mwili wa mtu unatosha? Mtaliano mmoja, Giovanni Borelli, alilijibu katika kitabu kilichotoka 1680, yeye akiwa ameshafariki. Alilinganisha misuli ya kifua cha ndege na ya kifua cha mtu, akahukumu kwamba mtu hataruka kamwe kwa kupiga mbawa. Na kuhusu mbawa za kufunga mikononi, hukumu hiyo imesimama.

KIJANA: Kwani ndege mwenyewe anaweza kuwa mkubwa kiasi gani?

MWALIMU: Hapo hatuhitaji kwenda Italia. Mwingereza Colin Pennycuick alifundisha zuolojia Chuo Kikuu cha Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1960, kisha akahamia Serengeti, hapo ng'ambo ya mpaka. Alikuwa akipaa na glaida yenye injini ndogo, akiwafuata tai na korongo huko huko juu, aone wanavyopandishwa na hewa ya moto bila kupiga bawa. Yeye na wenzake katika elimu hiyo wametuonyesha kwamba ndege akizidi kuwa mkubwa, nguvu anayohitaji inaongezeka kwa kasi kuliko nguvu aliyo nayo. Ndiyo maana tandawala, yule anayetembea kwa madaha nyikani, yuko karibu na kikomo. Dume lake hupita kilo 10, wengine hukaribia 18, na ukimfukuza utaona alivyo mzito kuondoka ardhini. Sasa mtu ana kilo 65.

FUNDI: Basi mjadala umekwisha, twende nyumbani.

MWALIMU: Umekwisha kwa anayetaka kuwa ndege. Anayetaka kukaa ndani ya ndege ana njia. Misuli mikubwa ya mtu iko mapajani, si kifuani. Mpe pedali, mpe cheni, mpe propela. Mwendesha baiskeli hodari anaweza kutoa kama wati 250 kwa muda mrefu, sawa na paneli moja ya sola iliyoko juu ya kibanda cha kuchaji simu. Pikipiki ya Kijana inatoa zaidi ya wati 5,000. Kazi yote ya wale waliotangulia ilikuwa kutafuta ndege inayoridhika na paneli moja.

MAMA: Na nani aliyewatuma?

MWALIMU: Mara nyingi, zawadi. Mwaka 1912 Mfaransa Robert Peugeot, wa hao Peugeot mnaowajua kwa magari, aliahidi faranga 10,000 kwa atakayeruka mita 10 kwa nguvu zake mwenyewe.

MAMA: Mita 10! Kutoka hapa mpaka kwa muuza samaki?

MWALIMU: Hapo hapo. Na walijitokeza wengi na baiskeli zao zenye mabawa, wote wakashindwa. Alipatikana mmoja mwaka 1921, baada ya vita kuu: Gabriel Poulain, bingwa wa mbio za baiskeli. Tarehe 9 Julai, huko Paris, alipita mita 10 kwenda na kurudi.

FUNDI: Kwa propela?

MWALIMU: Bila propela. Alikimbiza baiskeli ardhini, akafika kasi ya kutosha, akainua mabawa, akachukuliwa.

FUNDI: Huo ni mruko, mwalimu. Hata mbuzi akikimbia vizuri anavuka mtaro. Baiskeli ikishaacha ardhi, gurudumu linazunguka bure, halisukumi kitu.

Fundi amegusa penyewe. Ndiyo maana wengi wanaoandika historia hii humpa Poulain heshima ya mwanariadha, wakasita kumpa ya rubani. Miaka miwili baadaye, huko Dayton, Marekani, Frederick Gerhardt alitoka na chombo chenye mabawa saba yaliyopangwa moja juu ya jingine mfano wa rafu za duka. Kilivutwa na gari kikapaa vizuri. Kwa pedali peke yake kilipiga hatua fupi tu ya kunyanyuka. Filamu ya mabawa yake yakiporomoka ingali inachekesha watu. Sioni haki katika kicheko hicho: Gerhardt alitaka bawa kubwa, na bawa kubwa ndilo lililokuja kushinda. Alikosea kulikata vipande na kuvipanga ghorofa.

KIJANA: Wajerumani walikuwa wapi? Hawakosi kwenye mashine.

MWALIMU: Walikuja 1935. Helmut Haessler na Franz Villinger waliunda ndege ya mbao yenye propela ya kuzungushwa kwa pedali. Ilikwenda mita 200 na kitu, na kufika 1937 ilishafika mita 712.

FUNDI: Ilipaa yenyewe?

MWALIMU: Ilitupwa na kamba ya mpira.

FUNDI: Manati!

MWALIMU: Manati, ndiyo. Na Mtaliano Enea Bossi, wakati huo huo, alikuwa na ndege yake ya pedali yenye uzito wa karibu kilo 100. Ilirushwa kwa manati ikaenda kama kilomita moja. Kama iliwahi kuondoka ardhini kwa pedali peke yake, wataalamu hawajaelewana mpaka leo.

MAMA: Kilo 100, na mtu juu yake. Mimi nikibeba debe la mawe nusu kilomita nakaa chini. Hamkuona kwamba mzigo ndio tatizo?

MWALIMU: Waliona. Lakini mbao nyepesi huvunjika, na mbao imara ni nzito. Kila mmoja wao alikuwa anachagua atavunjikiwa na nini.

Vita vya pili vikapita juu ya habari hii yote. Mwaka 1959 tajiri wa viwanda Henry Kremer aliweka pauni 5,000 mikononi mwa chama cha wataalamu wa ndege cha Uingereza. Sharti lake lilikuwa la kikatili kwa usahili wake: vigingi viwili umbali wa nusu maili, yaani karibu mita 800, ndege ivizunguke kwa njia ya namba nane, ikianza na kumaliza kwa kupita juu ya kimo cha mita 3. Hakuna manati. Na namba nane maana yake ni kupinda kulia na kupinda kushoto, jambo ambalo hakuna chombo cha pedali kilichokuwa kimewahi kulikaribia.

MWALIMU: Wa kwanza kuondoka ardhini kwa haki kabisa walikuwa wanafunzi. Chuo Kikuu cha Southampton: Alan Lassiere, David Williams, na msichana, Anne Marsden.

MAMA: Ndio nasikia jina la mwanamke leo.

MWALIMU: Tarehe 9 Novemba 1961 ndege yao, SUMPAC, ilipaa na Derek Piggott, mwalimu wa urubani wa glaida. Mita 64. Siku saba baadaye wafanyakazi wa kiwanda cha de Havilland huko Hatfield, waliokuwa wakijenga yao baada ya saa za kazi, wakarusha Puffin. Mei 1962 John Wimpenny, mhandisi wao, aliipeleka mita 908. Kwa miaka 10 hakuna aliyempita.

FUNDI: Hizo sasa nazikubali. Niambie zilivyoundwa.

MWALIMU: Balsa, mbao nyepesi kuliko zote unazozijua, ikavikwa ngozi ya plastiki nyembamba. Bawa la Puffin lilikuwa na upana wa mita 25 na kitu, na ndege nzima haikufika kilo 55. Kila ubavu wa bawa ulikatwa, ukapigwa msasa, ukagundishwa kwa mkono. Kazi nzuri ajabu.

FUNDI: Na ikivunjika?

MWALIMU: Ilivunjika mwaka 1963. Walihitaji mpaka 1965 kurusha ya pili.

FUNDI: Umesikia, mama? Miaka miwili! Mimi mteja akiniachia baiskeli iliyopinda fremu asubuhi, jioni anataka kwenda nayo Sori kuchukua samaki. Chombo ambacho kikianguka mara moja unapoteza miaka miwili, utajifunza nacho lini? Utakiogopa. Utakirusha siku ya utulivu tu, moja kwa moja, halafu ukirudishe ndani.

MWALIMU: Hawakushindwa kwa woga, jaduong'. Walishindwa kwa kona. Fikiria bawa la mita 25 likiwa kimo cha mita 2 kutoka ardhini. Ndege ya kawaida ikitaka kupinda inalala upande. Hii ikilala, ncha ya bawa inalima. Na hata isipolala, ncha ya ndani ya kona inakwenda polepole kuliko ya nje, inapoteza nguvu ya kuinua, inazama. Hilo ni suala la fizikia, spana haina la kusema hapo.

FUNDI: Ngoja. Spana itasema.

Mwaka 1973 Kremer alipandisha zawadi hadi pauni 50,000 na kuifungua kwa mataifa yote. Januari 1977 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nihon, Japani, walikwenda zaidi ya kilomita 2 na ndege yao Stork, safi kabisa, moja kwa moja. Namba nane ilikuwa bado imekaa palepale.

KIJANA: Sasa mlete yule Mmarekani. Mwalimu anamchelewesha kwa sababu anajua atampa Fundi ushindi.

MWALIMU: Namchelewesha kwa sababu alikuwa mwanafizikia. Paul MacCready, daktari wa elimu ya anga kutoka Caltech, bingwa wa dunia wa glaida mwaka 1956. Si fundi wa kando ya barabara.

MAMA: Na alikuwa na deni.

MWALIMU: Mama, umejuaje?

MAMA: Wewe mwenyewe ulinieleza wiki jana, ukaona nitasahau. Alimdhamini jamaa yake mkopo, biashara ikafa, benki ikamgeukia yeye. Dola 100,000. Hayo mambo ya kudhamini ndugu siyasahau.

MWALIMU: Ni kweli. Mwaka 1976, akiwa safarini na familia, alikumbuka kwamba pauni 50,000 za Kremer zilikuwa karibu sawa na deni lake. Kwenye safari hiyo hiyo alikuwa akitazama ndege wakubwa wanavyozunguka angani, mwewe na tai, akipima kasi yao kwa kichwa. Ndipo hesabu ikamjia. Chukua glaida. Panua kila upande wa mabawa mara 3, ili eneo liwe mara 9, lakini uzito usiongezeke. Kasi inayohitajika kuelea inashuka mpaka theluthi. Na nguvu inayohitajika nayo inashuka mpaka theluthi. Basi! Hapo ndipo binadamu aliporuka, kwenye karatasi, miezi mingi kabla ya mtu kukanyaga pedali.

KIJANA: Kupanua mara 3 bila kuongeza uzito. Mwalimu, hiyo si hesabu, huo ni uchawi.

MWALIMU: Unawezekana ukikubali kwenda polepole. Ndege ya kasi ya baiskeli ya polepole haigongwi na upepo mkali, kwa hiyo haihitaji mifupa minene. Unafunga waya nyembamba kutoka mlingoti wa katikati hadi bawani. Waya zinavuta hewa, ndiyo, lakini kwa kasi ile hasara ni ndogo. Waingereza waliziogopa waya kwa sababu walifikiri kama watu wa ndege za kasi.

FUNDI: Sasa niache niseme mimi, maana tumefika kwangu. Gossamer Condor ilikuwa na nini? Bomba za alumini. Waya za piano. Plastiki ya kung'aa. Povu la kupakia vitu. Katoni. Kiti na pedali na cheni. Bawa mita 29, uzito kilo 32. Black Mamba mbili zilizojaa vizuri zinaishinda kwa uzito! Na ilianguka?

MWALIMU: Ilianguka mara nyingi.

FUNDI: Na ikaruka tena lini?

MWALIMU: Mara nyingine siku iliyofuata. Mara nyingine siku hiyo hiyo.

FUNDI: Kwa nini?

MWALIMU: Kwa sababu bomba likivunjika walikata kijiti, wakakiingiza, wakafunga kwa utepe wa gundi.

FUNDI: Waandikie wanafunzi wako hilo ubaoni. Ile ndege iliruka mamia ya mara kabla ya kupata zawadi. Kila ikivunjika walijua kipi hakikutosha, na kipi kilizidi. Hesabu ilisema ukubwa. Hesabu haikusema kona. Kona ilipatikanaje?

MWALIMU: ... Kwa kupinda bawa kwa waya.

FUNDI: Upande upi?

MWALIMU: Upande ulio kinyume na ule ambao rubani wa ndege ya kawaida angeutarajia. Bawa la ndani ya kona lilipewa pembe kubwa zaidi lisizame, na bawa dogo la mbele likainamishwa livute pua. Nakubali, hilo lilipatikana kwa kujaribu na kujaribu tena, ingawa wakokotozi nao walikuwepo.

Siwezi kunyamaza hapa. Nionavyo mimi, Fundi ana haki katika jambo ambalo historia za ndege hulipita haraka. Katika muda wa miezi, kikundi cha California kilikusanya majaribio ambayo Hatfield na Southampton hawakuyapata kwa miaka, na walishinda kwa chombo chenye sura mbaya kuliko vyote vilivyotangulia. Puffin ilikuwa kazi ya seremala wa samani. Condor ilifanana na hema lililong'olewa na upepo. Waingereza waliunda ndege isivunjike. MacCready aliunda ndege itakayovunjika na kuungwa kabla ya chai. Tarehe 23 Agosti 1977, kwenye kiwanja kidogo huko Shafter, Bryan Allen aliizungusha vigingi viwili, kulia na kushoto, akavuka mita 3 mwisho kama alivyovuka mwanzo. Dakika zisizofika 8, na miaka 18 ya zawadi ikafungwa.

Nilidhani hapo mjadala umekwisha, lakini Mama hakuwa amesema lake.

MAMA: Mnampa shemeji kombe mapema. Mnasema walijaribu mamia ya mara. Sawa. Nani alikuwa anapika? Huyo daktari alikuwa na kampuni yake, ana wanawe wa kumjaribia chombo, ana marafiki wa kuja kushika bawa alfajiri bila kulipwa. Shemeji hapa akivunjikiwa mara ya pili, watoto wanalala njaa. Kujaribu mara mia ni mali. Anayeponda mawe haharibu jiwe kwa majaribio.

FUNDI: Lakini alikuwa na deni, umesema mwenyewe.

MAMA: Deni la dola 100,000 hapewi maskini. Mimi nikienda chama kuomba 20,000 wananiuliza mbuzi wangu wako wapi. Mtu anayeweza kudaiwa kiasi hicho tayari ni mtu mkubwa.

Sijapata jibu la kumpa Mama, na sitajifanya ninalo. Wale wa Hatfield walikuwa na mshahara wa kiwanda, wale wa Southampton walikuwa na chuo. Hata ubovu wa Condor uligharimu: plastiki ile nyembamba na bomba zile hazikuokotwa jaani. Watu wetu hupenda kusema kwamba fundi wa jua kali angeweza haya yote kama angepewa nafasi. Huenda. Lakini neno zito katika sentensi hiyo ni nafasi, na huwa tunalitamka kwa wepesi mno.

KIJANA: Mmesahau injini. Mmeongea karatasi, mmeongea waya, mmeongea benki. Yule jamaa aliyekuwa anapiga pedali je?

MWALIMU: Bryan Allen. Kijana mrefu mwembamba, mwendesha baiskeli, tena mrushaji wa glaida za kuning'inia.

KIJANA: Basi mimi nasema sifa ni yake, na ushahidi wangu ni bahari. Tarehe 12 Juni 1979, ndege ya pili ya watu wale wale, Gossamer Albatross, kutoka Uingereza kwenda Ufaransa juu ya maji. Walimwambia atachukua saa 2 hivi. Maji ya kunywa yakamwishia. Redio ya kuongea na mashua ikakataa. Upepo ukaja usoni. Akaashiria kwamba ameshindwa, wamvute. Ili mashua ipite chini yake wamfunge kamba, ikabidi apande juu kidogo. Kule juu hewa ikawa tulivu. Akasema ngoja nipige dakika tano zaidi. Akapiga mpaka Ufaransa! Saa 2 na dakika 49, kilomita 35 na zaidi. Hesabu gani ilimwambia asiache?

MWALIMU: Hakuna. Lakini hesabu ndiyo iliyofanya ukaidi wake utoshe. Ukimweka Allen yule yule kwenye ndege ya Bossi, ukaidi wote ule haumwondoi ardhini.

KIJANA: Na ukimweka mwalimu kwenye Albatross?

MWALIMU: Nitatumbukia baharini, na nitajua sababu.

FUNDI: Tungempa mmoja wa wanariadha wetu. Hawa wa marathoni wana pumzi isiyoisha na hawafiki kilo 60.

MWALIMU: Uzito mdogo ni faida kubwa. Ila mguu wa kukimbia haujazoea kuzungusha. Hata Wamarekani wa MIT walipounda Daedalus, ile iliyotoka Krete kwenda Santorini mwaka 1988, kilomita 115 kwa chini ya saa 4, walimweka bingwa wa baiskeli wa Ugiriki, Kanellos Kanellopoulos. Mazoezi ya mwaka mmoja yangembadilisha mkimbiaji. Labda.

MAMA: Tuseme mnairushia hapa.

MWALIMU: Hapa kuna kodi ya ziada. Ziwa lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na sisi tuko juu ya ziwa. Hewa ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya kumi. Bawa lile lile linataka kasi zaidi, na nguvu zaidi kama asilimia 5 au 6. Kwa injini si kitu. Kwa mtu aliye ukingoni mwa pumzi, asilimia 5 ndiyo tofauti ya kufika na kutofika.

FUNDI: Na upepo?

MWALIMU: Mchana usijaribu, ziwa linapuliza. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi hewa imekaa. Condor nayo ilipenda alfajiri. Uwanja si shida, tambarare ya kuelekea mdomo wa mto Kuja ni pana, msimu mto usipofurika.

FUNDI: Bomba za alumini ningepata Kisumu. Plastiki ya vitalu vya miche ni nzito mno.

MWALIMU: Nzito mara nyingi. Hapo ndipo ungeanza kuharibikiwa.

MAMA: Na hizo zawadi zimekwisha? Maana mmenikalisha hapa jua likipanda.

MWALIMU: Ya kona ilikwisha, ya bahari ilikwisha, hiyo ilikuwa pauni 100,000. Kuna moja ambayo kwa miaka mingi imekosa mwenyewe. Zawadi ya Kremer ya marathoni: umbali wa marathoni, zaidi ya kilomita 42, chini ya saa moja. Pauni 50,000.

KIJANA: Marathoni! Na mnaiacha iende kwa nani?

MWALIMU: Maana yake ni kushikilia kilomita 42 kwa saa kwa saa nzima. Mwaka 1985 Wajerumani, Günther Rochelt na mwanawe Holger, walifika kilomita 44 kwa saa na ndege yao Musculair 2. Lakini kwa kilomita moja na nusu tu. Condor haikufika nusu ya kasi hiyo. Ukitaka kasi unapunguza bawa, ukipunguza bawa nguvu inapanda, na wati ni zile zile 250, labda 300 na kitu kwa mtu wa ajabu.

FUNDI: Basi ni hesabu mpya. Na itavunjika zaidi.

MAMA: Pauni 50,000 ni milioni ngapi za Kenya?

MWALIMU: Milioni kadhaa, mama.

MAMA: Mimi ndiye wa kutafuta pesa za kuanzia, kwenye chama. Nusu yangu.

FUNDI: Nusu! Shemeji, nani ataunga bomba usiku?

KIJANA: Na nani atapiga pedali saa nzima? Mimi nina kilo 61.

MWALIMU: Tupimane kwanza. Mzani wa dhahabu hautufai, tafuteni wa gunia.